Madebe ya Nyuma ya Bweni



Huko Trinidad, katika miaka ya 1880, serikali ya kikoloni ilipiga marufuku ngoma. Watu wakagonga mianzi. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wakiponda mapipa matupu ya mafuta kwa nyundo, mpaka kila kibonyeo kikatoa sauti yake. Wapigaji waliitwa wahuni. Mwaka 1951 bendi yao, TASPO, ilipiga London. Mwaka 1992 pipa likatangazwa ala ya taifa. Leo linawalisha mafundi, walimu na wanamuziki.

Nami nilipokuwa kiranja hapa, niliwanyang'anya wadogo zangu madebe waliyopiga nyuma ya bweni. Leo nawaomba radhi. Vijana, pigeni, wazee, tuwanunulie ala.