Mauaji ya Kimbari Huanza kwa Maneno



Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1972, Warundi walipovuka mpaka wakikimbia mauaji nchini kwao. Wengi walipewa ardhi Katumba, na baadaye Mishamo, wilayani Mpanda, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ndani ya mkoa wetu wa Rukwa.

Mwaka 1994 yakaja ya Rwanda. Vitambulisho vilikuwa vinataja kabila la mtu, kama Mhutu au Mtutsi. Redio ya RTLM ikawaita Watutsi mende. Kwenye vizuizi barabarani, kitambulisho kikaamua nani auawe. Kwa siku 100 hivi waliuawa watu wapatao 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari ulikuwepo tangu 1948, lakini dunia ilichelewa kuchukua hatua. Haki ilikuja baadaye, hapa hapa Tanzania: tarehe 2 Septemba 1998, mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo.

Ndugu msikilizaji, ukisikia watu wa kabila au dini fulani wakiitwa wadudu, iwe sokoni, kilabuni au kwenye simu, usicheke wala usisambaze. Kemea, kisha mweleze mwenyekiti wa kijiji au mtaa mapema.