Filamu Iliyotuchosha Kitete

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, Kitete, Tabora)



Wengi wenu mlikuwepo jana jioni ukumbini, na wengi mliondoka kabla ya mwisho. Siwalaumu. Nilitangaza filamu, mkaja mkitegemea filamu. Badala yake mkaonyeshwa watawa wa Kikatoliki kwenye milima ya Alps, Ufaransa, wakikata kuni, wakilisha paka, wakipiga kengele na kusali, kwa zaidi ya saa mbili na nusu, karibu bila neno. Hata kijana wetu wa kibanda cha video, aliyezoea kutafsiri filamu kwa kipaza sauti kama alivyofanya Lufufu, alikaa kimya. Hakuwa na cha kutafsiri.

Filamu ile inaitwa Die große Stille, yaani Ukimya Mkuu, ya mwaka 2005. Mtengenezaji wake, Mjerumani Philip Gröning, aliomba ruhusa mwaka 1984 akajibiwa kwamba bado ni mapema. Walimwita baada ya miaka 16! (Sisi ofisini, mfadhili asipojibu barua pepe kwa wiki mbili, tunaanza kunung'unika.) Akaishi nao karibu miezi sita, akipiga picha peke yake, bila taa za ziada, bila msimulizi.

Nikiri kwamba katika saa ya kwanza niliangalia saa yangu mara nne. Kisha akaja yule mtawa mshonaji. Alitandaza kitambaa, akapima, akakata, na kamera haikumwacha. Nyuma yangu mama mmoja ambaye ni fundi cherehani akasema kwa sauti ya chini, "Huyu anaijua kazi." Kuanzia hapo nami nikaanza kuona.

Lakini polepole zote si sawa. Mwaka 1939 Waingereza waliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kikatutengenezea Waafrika filamu za taratibu kwa kuamini kwamba hatuwezi kufuata picha za haraka. Mwingereza mmoja, John Wilson, aliandika mwaka 1961 juu ya filamu ya namna hiyo, ya dakika kama tano, iliyofundisha kuondoa maji yaliyotuama. Wanakijiji walipoulizwa wameona nini, walijibu: kuku. Wenye filamu hawakujua kwamba kuna kuku! Walipokagua picha moja moja wakamkuta, amepita pembeni kwa kama sekunde moja. Sasa hapo nani alikuwa haoni?

Ndugu zangu, nasema haya kwa sababu ya video yetu ya kisima ya mwaka jana. Ina dakika sita. Asubuhi ile kina mama walipanga foleni tangu saa kumi alfajiri hadi saa tatu, maana kisima kile kinatoa maji kidogo kidogo, ukiteka ndoo chache unangoja yajae tena. Kwenye video foleni hiyo imechukua sekunde nne. Baada yake ndoo imejaa, mwenyekiti anakata utepe, kwaya inaimba. Mpiga picha aliniuliza kama apunguze sehemu ya kusubiri, nikasema punguza, itawachosha wageni. Mimi ndiye niliyeidhinisha.

Mwezi uliopita nilipoomba fedha za kisima cha pili, niliulizwa, tena kwa haki kabisa: cha kwanza si kinatosha? Video yenu inaonyesha kinatosha.

Mpiga picha atarudi kiangazi hiki. Nimemwomba aweke kamera kwenye foleni saa kumi alfajiri na asiiondoe mpaka ndoo ya mama wa mwisho ijae. Wageni wetu, mtaipokea ikiwa ndefu, na hakutakuwa na kwaya. Wajumbe, naomba kila usharika uiangalie kwanza hadi mwisho kabla haijatumwa, kisha mniambie mmeona nini ambacho mimi sikukiona.

Chai iko tayari pale nyuma.