Askari wa Keya Huko Burma
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanakisomo)



Juma lililopita mama mmoja wa darasa letu alikuja na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni ya marehemu baba mkwe wake. Miaka mingi ilikaa sandukuni, maana nyumbani hapakuwa na msomaji. Maneno mengi ni ya Kiingereza, lakini moja tulilitambua: Burma. Mama akauliza, "Burma ni wapi, na mzee wetu alifuata nini huko?" Leo tunamjibu.

Burma, ambayo sasa inaitwa Myanmar, ni nchi ya Asia, mashariki ya India. Katika Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliiteka mwaka 1942. Waingereza walitaka kuirudisha mikononi mwao, kwani lilikuwa koloni lao. Basi wakachukua askari kutoka makoloni yao mengine.

Hapa kwetu lilikuwapo jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902. Wazee walilifupisha wakasema Keya. Askari walikuwa Waafrika, maofisa walikuwa Wazungu, na amri nyingi zilitolewa kwa Kiswahili. Mwaka 1941 Keya walipigana na Waitaliani huko Ethiopia. Mwaka 1942 walikwenda Madagaska. Kisha wakapelekwa kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, kujifunza vita vya msituni.

Safari yenyewe ilikuwa ya hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani. Ilizama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Agosti 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Bonde la Kabaw. Humo zilikuwamo batalioni za Kenya, Uganda, Nyasaland na Tanganyika. Batalioni za 26 na 36 zilikuwa za Tanganyika. Ilikuwa masika ya huko. Ndugu zangu, matope hayo si ya mchezo! Magari yalikwama, barabara zikakatika, chakula kikaangushwa kwa ndege. Malaria ilikuwa adui wa pili. Kila siku askari alimeza kidonge cha mepakrini, mpaka ngozi ikageuka manjano. Hata hivyo walisonga mbele. Novemba walifika Kalemyo, wakakutana na askari wa India. Mwanzoni mwa Desemba waliuteka mji wa Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Hapo likajengwa daraja la chuma la futi zaidi ya 1,100, na jeshi kubwa likavuka kuwafuata Wajapani.

Je, walipata nini? Mshahara wa Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu wa cheo hicho hicho. Risasi na malaria havikuchagua rangi, lakini mshahara ulichagua.

Huko Taukkyan, karibu na Yangon, ziko nguzo zilizochongwa majina kama 27,000 ya askari wasiojulikana makaburi yao. Majina ya watu wa Afrika Mashariki yamo. Lakini waliorudi wakashika jembe hawana nguzo. Wana karatasi sandukuni, na mchwa nao wanajua njia ya sanduku.

Kwa hiyo, ndugu wanakisomo, kazi ya nyumbani ni hii. Fungueni masanduku. Waulizeni wazee walichosikia kwa baba zao. Andikeni jina, kijiji, mwaka na mahali alipopelekwa. Msiogope mwandiko mbaya. Mwandiko mbaya husomeka, lakini jambo lisiloandikwa halisomeki.

Mama yetu ameshaanza. Ukurasa wa kwanza wa daftari lake una jina la baba mkwe, na chini yake: Burma, 1944. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na watu je?