Ushindani wa mabasi: nani anashindania usalama wako?

Ndugu zangu, leo tuongee kuhusu ule ubishi unaorudi kila Krismasi ikikaribia na nauli zikipanda. Mmoja anasema, "Serikali iweke bei!" Mwingine anajibu, "Wacheni soko liamue!" Wote wana pointi, lakini kuna kitu wanakiruka.

Chukueni safari ya Nairobi kwenda Mombasa. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria 2017, wenye mabasi walipata mpinzani asiyejua msongamano wa Mlolongo. Lakini treni nayo inaanzia Syokimau na kuishia Miritini. Ukishuka, bado unatafuta usafiri wa kukufikisha mjini. Basi linakushusha mjini kabisa. Januari 2024, nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Aliyeona ni ghali alikuwa na pa kukimbilia. Hiyo ndiyo faida ya ushindani: anayekupandishia bei anajua unaweza kuondoka.

Sasa tutofautishe. Nauli unaiona. Kiti unakiona, pa kuchajia simu unapaona, saa ya kuondoka unaijua. Breki je? Dereva alilala saa ngapi? Kidhibiti mwendo kimechezewa? Hayo huyaoni ukikata tiketi. Kwa hivyo kampuni inayogharamia breki na dereva wa pili inaweza kupokonywa wateja na ile inayopunguza mia mbili na kufika mapema. Hapo ushindani unageuka kuwa mbio za kwenda chini.

Ndiyo maana kanuni za 2004 zililazimisha mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye magari ya abiria. Soko halikuyaleta lenyewe. Na kanuni bila ukaguzi ni karatasi tu: kizuizini kukiwa na "kitu kidogo", anayefuata sheria ndiye anayepata hasara.

Basi mgombea akiwaahidi nauli nafuu, msipige makofi kwanza. Muulizeni: nani atakagua mabasi, mara ngapi, na matokeo ya kila kampuni tutayaona wapi kabla ya kulipa? Abiria akiyajua hayo, kampuni zitaanza kushindania usalama pia. Asipoyajua, atachagua kwa bei, na bei haisemi lolote kuhusu breki.