Mwaka wa Tufani: Nani Alionywa, Nani Alisikia?

(Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wazazi)



 Niingie moja kwa moja katika niliyoombwa kuyazungumza. Tangu kimbunga Hidaya kilipofika Mafia mwezi Mei 2024, masuali mawili yamekuwa yakirudi katika vikao vyetu. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa: mtu akiambiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa ahame, naye akahama na watoto na mizigo, kisha upepo usije, je, si amedanganywa? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: kuikimbia tufani si kukosa kutawakali?

(Jina lenyewe, Hidaya, kwetu ni zawadi, na kwa Kiarabu ni uongofu. Vimbunga hupewa majina kutoka katika orodha zilizoandaliwa mapema, kwa hiyo asitafute mtu bishara ndani yake.)

Nimeona nisiyajibu masuali haya kwa maneno matupu. Nichukue mwaka mmoja tu, mwaka 2019, tuuzunguke ulimwengu pamoja tuone nini kiliwafika watu waliokaa katika njia ya vimbunga, kisha jibu litajitokeza lenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Neno tufani tumelitoa katika Kiarabu, na huko asili yake ni gharika, ndiyo maana huitwa kwa jina hilo gharika ya Nabii Nuhu. Sisi tukalipeleka kwenye upepo. Nadhani wazee wetu hawakukosea sana, kwa sababu katika vimbunga vya bahari za joto anayeua zaidi mara nyingi si upepo bali ni maji: bahari inayosukumwa juu ya nchi kavu, na mvua inayofanya mito isiwe na kingo.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari iliyopata joto, kiasi cha nyuzi 26 au 27 na zaidi. Mvuke hupanda, unapogeuka kuwa mawingu huachia joto lake, hewa huzidi kupanda, na upepo hukimbilia mahali palipopungukiwa. Mzunguko wa dunia huupinda upepo ule, ukaanza kuzunguka kama maji ndani ya chungu kinachokorogwa. Kusini mwa Ikweta huzunguka kufuata mshale wa saa, na kaskazini kinyume chake. Karibu kabisa na Ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu mno, na ndiyo sababu Mombasa na Lamu hazisikii vimbunga kama wanavyovisikia watu wa Beira. Kila mwaka duniani huzaliwa dhoruba za aina hii 80 au zaidi kidogo, nyingi zikafia baharini bila mtu kuzijua.

Mwaka 2019 kwetu ulianza na Idai. Mwanzoni mwa Machi ilikuwa ni mvua tu iliyoingia Msumbiji na kufurisha mito mpaka Malawi, ikaua watu kabla hata haijapewa jina. Kisha ikarudi baharini, ikakaa katika mlango wa bahari baina ya Msumbiji na Madagaska, ikanywa joto, na usiku wa tarehe 14 Machi ikaingia Beira, mji wa watu wapatao nusu milioni uliojengwa tambarare usawa wa bahari. Mapaa yaling'oka, simu zikakatika, barabara ikakatika, na dunia ikakaa takriban siku mbili tatu bila kujua hasa kilichotokea. Waliporuka na ndege kutazama, waliona ziwa pahala pasipokuwa na ziwa. Mito ya Buzi na Pungwe ilikuwa imeungana, na watu walikuwa juu ya miti na mapaa wakisubiri.

Nawaomba mzingatie jambo hili: walio wengi miongoni mwa wale hawakuuawa na upepo wa usiku ule. Mvua ilikwenda bara, ikapiga milima ya Chimanimani nchini Zimbabwe, maji yakarudi yakishuka na majabali. Huko Kopa, pahala panapokutana mito miwili, kijiji kilisombwa usiku watu wakiwa wamelala. Baadhi ya maiti zilichukuliwa na maji zikavuka mpaka hadi Msumbiji, na wanavijiji wa huko, ambao nao walikuwa wamefikwa, wakawazika wageni wale wasiowajua majina. Jumla ya waliokufa katika nchi zile tatu ilizidi 1,000, na Msumbiji peke yake zaidi ya 600. Sasa muulize mtu wa Kopa, aliye mbali na bahari kwa safari ya siku nzima, kama alipata kudhani kwamba habari ya kimbunga cha Beira inamhusu.

Baada ya maji kikaja kipindupindu. Hapa pana jambo la kutia moyo ambalo magazeti hayakulikuza sana. Waliougua walizidi 6,000, lakini waliokufa katika hesabu za wizara ya afya walikuwa 8, kwa sababu mwanzoni mwa Aprili watu zaidi ya 800,000 walichanjwa kwa haraka na vituo vya matibabu vikafunguliwa mapema. Yaani msiba uliotabiriwa ukazuiwa.

Wiki sita baada ya Idai kikaja Kenneth. Tarehe 24 Aprili kilipita kaskazini mwa Ngazija, na siku ya pili kikaingia Cabo Delgado kwa upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa. Hawa si watu wa mbali na sisi. Wamwani wa kisiwa cha Ibo na pwani ile lugha yao ni ndugu ya lugha yetu, na majahazi yamekwenda na kurudi baina yao na Mtwara kwa karne nyingi. Ibo karibu yote ilivunjwa. Waliokufa Msumbiji walikuwa 45, na Ngazija wachache. Haikuwahi kuandikwa kabla ya hapo kwamba vimbunga viwili vyenye nguvu kiasi kile vimeipiga Msumbiji katika msimu mmoja.

Upande wa Mtwara, tahadhari ilitolewa, shule na ofisi zikafungwa, watu wa maeneo ya chini wakatakiwa wahamie mahali pa juu. Kimbunga kikapita kusini. Na hapo ndipo suali letu la kwanza lilipozaliwa, maana walirudi wengine nyumbani wakiwa wamekasirika. Mwaka 2021 ikaja Jobo, nayo ikafifia kabla ya kufika Dar es Salaam. Mara mbili! Basi 2024 ilipotangazwa Hidaya, wapo waliocheka. Na Hidaya ikaua watu, na mvua yake ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga.

Ndugu zangu, baina ya njia ya Kenneth na mji wa Mtwara palikuwa na masafa ambayo kimbunga hukata kwa saa chache. Anayetabiri hasemi kimbunga kitapita juu ya mlango wako. Husema kinaweza kupita mahali popote ndani ya eneo fulani, na eneo hilo ni pana. Mtu akiambiwa mto una mamba, akavuka salama, hakuambiwa uongo. Tena historia yetu inayo ushahidi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliuvunja mji wa Unguja, kikazamisha merikebu za Sayyid Barghash na kung'oa mikarafuu mingi ya kisiwa kile, Pemba ikasalimika. Tarehe 15 Aprili 1952 kingine kikaingia Lindi na kuua watu 34. Ni nadra, naam. Lakini nadra si muhali, na walimu wa mantiki mnaijua tofauti yake.

Sasa tazama India. Tarehe 3 Mei 2019, siku nane tu baada ya Kenneth, kimbunga Fani kiliingia jimbo la Odisha karibu na mji wa Puri, kikali kuliko Idai. Jimbo hilohilo lilipigwa mwezi Oktoba 1999 na wakafa watu karibu 10,000. Safari hii walikufa 64. Kimbunga hakikuwa na huruma zaidi. Watu zaidi ya milioni 1 walihamishwa kabla ya upepo kufika, yakajengwa makazi ya zege katika pwani yote, zikatumwa jumbe za simu milioni 2.6, na watu wa kujitolea 43,000 wakapita nyumba hadi nyumba. Tofauti ya 10,000 na 64 ni watu waliopiga hodi.

Na jirani zao wa Bangladesh ndio walimu wakubwa wa jambo hili. Novemba 1970 bahari iliwaua zaidi ya watu 300,000 kwa usiku mmoja, katika tufani iliyoua kuliko zote zinazojulikana. Mwaka 1972 wakaanzisha mpango wa wajitoleaji pamoja na Hilali Nyekundu: bendera, vipaza sauti vya mkononi, redio, na baadaye maelfu ya makazi ya ghorofa. Haukuwa dawa ya siku moja. Mwaka 1991 walikufa tena takriban 138,000. Hawakukata tamaa. Mwaka 2007 walikufa zaidi ya 3,000, na mwaka 2019 Fani ilipofika kwao ikiwa imedhoofika, walikwishahama zaidi ya milioni 1. Kipaza sauti cha msikiti huko ni sehemu ya mpango huo: tahadhari hutolewa palepale panapoadhiniwa, kwa lugha ya kijiji, na sauti ambayo watu wanaijua.

Kwa Bahamas na Japani nipite haraka. Tarehe 1 Septemba kimbunga Dorian kiliingia visiwa vya Abaco kwa upepo wa kilomita 295 kwa saa, kisha kikakaa juu ya Grand Bahama zaidi ya siku nzima bila kuondoka. Walioumia zaidi ni wahajiri wa Haiti katika vibanda vya mbao vya mji wa Marsh Harbour. Walio na hofu ya kufukuzwa nchini hawakimbilii upesi jengo la serikali hata wakiitwa. Oktoba ikawa zamu ya Japani, nchi tajiri yenye kuta, mapampu na mahandaki ya maji chini ya ardhi. Kimbunga Hagibis kilimwaga mjini Hakone zaidi ya milimita 900 za mvua kwa siku moja, mito ikavunja kingo, treni zao za kasi zikaonekana zimezama ndani ya yadi, na wakafa watu wapatao 100. Basi asidhani mtu kwamba fedha peke yake ni ngome.

Lakini habari iliyonishughulisha zaidi mwaka ule ni ya Bahari ya Arabia, kwa sababu inatuonesha jinsi mambo yalivyofungamana. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu na Luban, vilinyesha mvua katika jangwa la Rub' al-Khali, pasipo na watu. Yakatokea maziwa mchangani na majani yakaota. Nzige wakazaliana humo, kizazi baada ya kizazi, wala hakuna aliyewaona. Mwaka 2019 wakaingia Yemen iliyokuwa vitani, wakavuka kuja Ethiopia na Somalia. Bahari ya magharibi ya Hindi ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Oman ikapigwa na Hikaa mwezi Septemba, Oktoba kikaja Kyarr, kikali kuliko vyote katika bahari ile tangu Gonu ya 2007, ambayo jamaa zetu wa Maskati hawajaisahau. Na Desemba Pawan ikaingia Somalia na mvua nyingine ya kuwalisha nzige. Mwisho wa Desemba wakavuka kuingia Kenya, na Kenya haikuwa imeona nzige kiasi kile kwa miaka 70. Mkulima wa Kitui aliyepoteza shamba lake alikuwa ameguswa na kimbunga kilichoshuka Salalah.

Wataalamu hawasemi kwamba idadi ya vimbunga duniani inaongezeka. Wanasema vile vikali vinazidi kuwa sehemu kubwa ya jumla, na kwamba hewa iliyopata joto hubeba maji zaidi, kiasi cha asilimia 7 kwa kila nyuzi moja. Tutofautishe mawili haya tusije tukasema yasiyosemwa.

Ama suali la pili, la kutawakali, lilikwishajibiwa zamani. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, alifika Sargh akapata habari ya tauni. Alishauriana na watu, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, naye akamjibu kwamba anaiacha kadari kwenda kwenye kadari nyingine, akampigia mfano wa mchungaji na bonde lenye majani na bonde kavu. Kisa hiki mnakisomesha darasani. Sidhani pana haja ya kuongeza. Na wale waliosema mimbarini kwamba watu wa Beira waliadhibiwa kwa dhambi zao, waseme basi watoto wa Kopa walifanya nini, au wanyamaze.

Pendekezo letu kwa kamati ni dogo. Msimu wa hatari kwa pwani yetu, kama mlivyosikia katika tarehe hizi, ni Aprili na mwanzoni mwa Mei. Kila madrasa ina wanafunzi wanaoijua mitaa yao nyumba kwa nyumba: wapi yupo mzee asiyetembea, wapi pana mjamzito, nani ni kiziwi asiyesikia kipaza sauti. Waandike. Kila msikiti ujue ufunguo wa chumba cha kipaza sauti uko kwa nani usiku, na kama pana betri umeme ukikatika. Na wavuvi waliokwisha toka wapigiwe simu na nani? Hilo la wavuvi bado hatujalipatia jibu, na tunawasikiliza wenyewe. Karatasi za kujaza majina ziko kwa katibu. Tunaomba zirudi kabla ya Machi kumalizika.