MAJARIBIO KABLA YA UFUNGUZI: FUNZO LA TRENI NYEPESI YA OTTAWA

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mhandisi mmoja mbele ya watumishi wa idara za ujenzi na masheha, Unguja. Yanachapishwa hapa kwa faida ya watumishi wote na wananchi kwa jumla.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Wageni Waalikwa,
Ndugu Watumishi wenzangu,



Nimeombwa nizungumzie sababu za miradi mikubwa kuchelewa kufunguliwa hata baada ya macho ya watu kuiona imekwisha. Nimechagua mfano wa nje, kwa kuwa habari zake zilichunguzwa hadharani na kuandikwa kwa ukamilifu: reli ya treni nyepesi ya mji wa Ottawa, makao makuu ya Kanada.

Ndugu Mwenyekiti, mwananchi akiona reli imelazwa, vituo vimepakwa rangi na behewa zinapita tupu, huuliza kwa haki: "Mbona hatupandi?" Jibu ni kwamba treni hujaribiwa hatua kwa hatua. Kwanza hujaribiwa kila kitu peke yake: breki, milango, umeme, ishara na mawasiliano. Kisha vyote hujaribiwa kwa pamoja, kwani mlango mzuri na ishara nzuri huweza kukosa kuelewana. Mwisho treni huendeshwa kwa ratiba kamili, siku baada ya siku, bila ya abiria, ili madereva na mafundi nao wapimwe.

Hatua hizo huja mwisho wa kazi, na hapo ndipo penye hatari. Mchimbaji akichelewa, mlaza reli naye atachelewa, na atakayefuata vivyo hivyo. Tarehe ya ufunguzi ikiwa haisogei, deni la wote hulipwa kutoka katika siku za mjaribu.

Hayo ndiyo yaliyotokea Ottawa. Ujenzi ulianza mwaka 2013. Reli ilikuwa ya kilomita 12.5 na vituo 13, vitatu kati yake vikiwa chini ya ardhi, kwa gharama ya dola za Kanada bilioni 2.1. Tarehe 8 Juni, 2016, barabara ya Rideau ilibomoka juu ya handaki lililokuwa likichimbwa, pakawa na shimo kubwa katikati ya mji. Kazi zilizokuwa zifuate zikarudi nyuma, na nafasi ya kujaribu treni juu ya njia nzima ikapungua. Behewa zenyewe zilikuwa za namna mpya, ambayo ilihitaji majaribio zaidi, si pungufu.

Reli ilikuwa ikabidhiwe Mei 2018. Tarehe hiyo ikapita. Ikatajwa Novemba 2018, ikapita. Ikatajwa Machi 2019, kisha Juni 2019, nazo zikapita. Ahadi ni deni, na kila ahadi iliyovunjwa iliongeza hasira za wananchi na haraka za wakubwa.

Mwishoni mwa Julai 2019 yakaanza majaribio ya mwisho. Kipimo kilichowekwa kilikuwa treni zifikie wastani wa asilimia 98 ya huduma iliyopangwa kwa siku 12. Siku za mwanzo zilipokwenda vibaya, kipimo kikateremshwa katikati ya mtihani: asilimia 96, kwa siku 9 bora kati ya 12. Idadi ya treni za asubuhi nayo ikapunguzwa kutoka 15 hadi 13. Baada ya hapo ikatangazwa kwamba reli imefaulu, na madiwani waliochaguliwa na wananchi hawakuambiwa kwamba kipimo kimebadilishwa.

Reli ikafunguliwa tarehe 14 Septemba, 2019. Baada ya wiki tatu mabasi yaliyokuwa yakipita njia ileile yakaondolewa. Siku chache baadaye abiria mmoja akazuia mlango usifunge. Treni ikakwama, na umati ukasongamana vituoni bila ya njia nyingine ya kwendea kazini. Mwezi Agosti 2021 treni moja ilitoka relini kwa sababu ya kuharibika kwa beringi ya ekseli. Mwezi Septemba nyingine ikatoka relini, kwa sababu boliti za giaboksi hazikukazwa ipasavyo wakati wa matengenezo. Kwa bahati njema hakuna aliyeumia, lakini reli ilifungwa kwa siku 54.

Serikali ya jimbo la Ontario iliunda tume chini ya Jaji William Hourigan. Ripoti yake ilitolewa Novemba 2022 ikiwa na mapendekezo 103. Tume iliwalaumu wajenzi kwa kutoa tarehe walizojua hazitimiziki, na ikamlaumu mtendaji mkuu wa mji kwa kuwaficha madiwani habari za majaribio. Ilieleza pia kwamba huduma ingeanza kidogo kidogo, badala ya kufunguliwa yote kwa siku moja.

Ndugu Watumishi, sikuyasema haya ili tuwacheke watu wa Ottawa. Nasi tunazo tarehe zetu. Miradi mingi huzinduliwa katika shamrashamra za Mapinduzi, kila Januari, na hilo ni jambo jema. Aidha wengi wenu mmekwisha kupanda treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro, iliyoanza kuchukua abiria tarehe 14 Juni, 2024 baada ya kungojewa kwa miaka. Manung'uniko ya kungoja tunayajua. Kwa hiyo naomba tushike mambo matatu.

Kwanza, siku za majaribio ziandikwe ndani ya mkataba, na zisikatwe ili kufidia uchelewaji wa mwingine. Kipimo kikishawekwa, kisiguswe mpaka mtihani umalizike. Hayo yahusu jenereta ya hospitali na bomba la maji kama yahusuvyo treni.

Pili, fundi anayesema "bado" asionekane mkaidi. Neno lake lifike juu kama lilivyo, bila ya kupunguzwa makali njiani. Kiongozi aliyefichwa ukweli hawezi kuamua kwa haki, na siku ya msiba yeye ndiye atakayeulizwa.

Tatu, wananchi waambiwe. Sheha akijua kwamba kazi imesogezwa kwa miezi miwili, na akajua sababu yake, ataweza kuwaeleza watu wake nao watastahamili. Asipojua, uvumi utasema badala yake. Na huduma ya zamani isiondolewe mpaka ile mpya imezoeleka.

Ndugu Mwenyekiti, kuchelewa kwa miezi mitatu ni aibu inayosahaulika. Kumpakia mtoto wa mtu katika chombo ambacho sisi wenyewe tunajua hakijafaulu ni jambo jingine kabisa, na hakuna sherehe iwezayo kulifidia.