Mazungumzo juu ya Wanga na Madhara ya Kisukari



Mgonjwa wa kisukari huulizwa mara kwa mara iwapo ameacha sukari ya chai. Ukubwa wa ugali wake hauulizwi sana. Mazungumzo haya yanahusu ugali huo, na mfano umechukuliwa Mlali, Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, ambako ugali ndio chakula chenyewe, kama ulivyo wali na muhogo huku Visiwani.

Nyanda za kati ni kavu. Uwele na mtama ndizo nafaka za Wagogo tangu zamani, na mahindi nayo ni mengi, kwani soko kubwa la nafaka la Kibaigwa limo katika wilaya hiyo hiyo. Imeenea imani kwamba mgonjwa akiacha sembe na kula ugali wa mtama au uwele, amekwisha kuepuka hatari. Imani hiyo ni kweli kwa sehemu tu. Nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi zaidi. Lakini katika gramu 100 za unga wa mahindi, mtama au uwele, kiasi cha gramu 70 ni wanga, na wanga huo mwilini hugeuka sukari. Kubadili unga bila kupunguza ugali hakumfai sana mgonjwa.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Mkulima aliyekufa ganzi nyayo huchomwa na mwiba shambani asijue, na kidonda huonekana kimekwisha kuoza. Utafiti wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa kudhibiti sukari vizuri zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu kwa asilimia 25. Hapo zilitumika hasa dawa. Kupunguza wanga nako hushusha sukari, na Chama cha Kisukari cha Marekani kilieleza hivyo mwaka 2019. Hata hivyo, haijathibitishwa kwamba chakula hicho peke yake huokoa jicho au mguu, na mgonjwa asiahidiwe hivyo.

Mlali haihitaji vyakula vya ghali. Nusu ya sahani iwe mlenda na mboga nyingine za majani, robo iwe mayai, kuku au nyama, na ugali ubaki robo. Karanga, zao ambalo Waingereza walilianzishia mradi mkubwa Kongwa mwaka 1947 wakashindwa, zina wanga mchache.

Aidha, inasisitizwa kuwa anayetumia insulini au glibenklamaidi asipunguze wanga kabla ya kuonana na mganga, kwa kuwa kipimo cha dawa huenda kikahitaji kupunguzwa. Asipofanya hivyo, sukari yaweza kushuka ghafla: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mwenye ugonjwa wa figo naye asizidishe nyama bila ushauri. Wagonjwa wote wanatakiwa kukagua nyayo zao kila jioni, na asiyeweza kuziona akaguliwe na mtu wa nyumbani.